Kiwanda kilichouzwa kwa euro moja: nani hasa anachapa pesa za nchi?

Mwaka 2002 kampuni inayochapa pasipoti zote za Wajerumani iliuzwa kwa euro moja. Miaka miwili tu kabla ya hapo, serikali yao ilikuwa imeiuza kampuni hiyohiyo kwa kiasi cha euro bilioni moja. Mwaka 2009 serikali ikaichukua tena, na mpaka leo ni mali yake.

Kampuni hiyo ni Bundesdruckerei, yaani Kiwanda cha Uchapaji cha Shirikisho, iliyoko Kreuzberg, Berlin, hatua chache kutoka ulipopita ule ukuta uliogawa mji. Kinatoka humo kitambulisho cha Mjerumani, leseni yake ya udereva, pasipoti yake na sehemu ya noti za euro. Ndugu zetu wanaoishi Hamburg au Frankfurt kwa kibali cha ukaazi, kile kikadi chenye chipu kilichoanza kutolewa Septemba 2011, nao wanatembea na kazi ya kiwanda hiki mfukoni. Wakienda ofisi ya wageni kuulizia kadi yao wanaambiwa wasubiri, inatoka Berlin.

Nakileta kisa hiki kwa sababu kuna swali lisiloisha vijiweni kwetu: nchi huru inachapishiwaje pesa ughaibuni? Kwa nini tusiwe na mtambo wetu, tukachapa wenyewe? Swali ni halali, ila ndani yake kuna mambo matatu yaliyosokotana: nani anatoa pesa, nani anazichapa, na nani anazipa thamani. Noti inapotoka kiwandani ni karatasi ghali tu, bidhaa kama bidhaa nyingine. Inakuwa pesa siku benki kuu inapoipokea, ikaihesabu na kuiachia iingie kwenye mzunguko. Mchapaji anaweza kuwa kampuni binafsi ya nchi nyingine na noti ikawa yako kabisa. Vilevile unaweza kumiliki mtambo mpaka skrubu ya mwisho, na noti zako zikawa za kufungia vitumbua.

Wajerumani wamepita pande zote mbili, na safari yao moja ilipita hapahapa kwetu.

Kiwanda kilianza kwa jina la Reichsdruckerei mwaka 1879, pale serikali ilipounganisha matbaa ya dola ya Prussia na matbaa ya kibinafsi ya Decker iliyokuwa imeinunua. Dola mpya ilitaka stempu, noti na hati zake zichapwe chini ya macho yake. Muda si mrefu ikawa na makoloni, na stempu za makoloni nazo zikachapwa Berlin. Tafuta picha za stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani za mwaka 1893. Utaona stempu za kawaida za Ujerumani zilizogongwa juu yake neno moja kwa herufi kubwa: PESA. Ndiyo, pesa hii hii tunayoitafuta kila siku. Wakati huo ilikuwa jina la sarafu, 64 kwa rupia moja. Mafundi wa Berlin walikuwa wakichapa neno la Kiswahili, lenyewe tulilolipata Bara Hindi, kwa ajili ya barua zitakazotiwa sanduku la posta Bagamoyo na Tanga.

Noti zikafuata. Mwaka 1905 Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitoa noti za rupia, na kazi hiyo haikwenda kwenye kiwanda cha serikali, ilikwenda kwa kampuni ya kibinafsi ya Leipzig, Giesecke & Devrient. Ile ya rupia 5 ilikuwa na simba na jike lake. Shika jina la kampuni hiyo, tutakutana nalo tena.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliifunga bahari. Noti hazikuja tena, sarafu hazikuja, stempu hazikuja, na askari na wapagazi walitakiwa kulipwa. Hapo ndipo unapoona kwa macho maana ya kuwa na mchapaji ng'ambo ya maji. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani wakaanza kuchapa noti za muda Dar es Salaam, halafu Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Kwenye karakana ya reli pale Tabora wakagonga sarafu: zile ndogo za heller kwa shaba ya kuokotezaokoteza, na mwaka 1916 ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, kwa dhahabu ya Sekenke. Huko Vuga, Usambara, matbaa ya misheni iliyozoea kazi za kanisa ikachapa stempu. Mwaka 1917, wakiwa wanakimbizwa kusini, walifikia kutengeneza noti kwa mihuri ya mpira, herufi baada ya herufi, kama mtoto anayechezea vifaa vya shule. Wakusanyaji wanaziita noti za porini. Nimeziona kwenye picha tu. Mistari imekaa upande, wino umevujia, na juu yake kuna saini ya afisa aliyesisitiza kwamba hiyo ni rupia moja.

Mtu anaweza kusema, basi mambo yamekwisha: kila nchi iwe na mtambo wake. Subiri kidogo.

Miaka sita baada ya noti za porini, Reichsdruckerei ilikuwa Berlin, salama, mali ya serikali, na mafundi wake ni wale wale stadi. Mwaka 1923 serikali ilikuwa inalipa madeni yake kwa kuchapa. Kiwanda kikazidiwa, kazi ikagawiwa kampuni binafsi 133 zenye mashine 1,783, huku viwanda 30 vya karatasi vikiwalisha. Noti yao kubwa kuliko zote ilifikia marki (pesa ya Wajerumani wakati huo) trilioni 100. Nyingine zilichapwa upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili ungechelewesha kazi na bei za dukani hazikusubiri. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kusema basi, na mtambo haukujaliwa mdomo.

Ukitaka mfano wa kinyume, ulitokea Iraki. Kabla ya vita vya Ghuba dinari za Iraki zilichapwa Uingereza. Vikwazo vya mwaka 1990 vilipokata huduma hiyo, serikali ya Saddam ikaanza kuchapa zake nyumbani, kwa karatasi duni na kwa wingi. Zile za zamani zikatangazwa si halali, lakini Wakurdi wa kaskazini wakaendelea kuzitumia. Wakaziita dinari za Uswisi, ingawa zilichapwa Uingereza. Noti hizo zilikuwa zimechakaa, zimeshonwa kwa gundi, nyuma yake hakuna benki kuu wala serikali. Vita vya 2003 vilipokwisha na fedha mpya ikaletwa, dinari moja ya Uswisi ilibadilishwa sawa na dinari 150 za Saddam. Thamani yake ilitokana na jambo moja: hakuna aliyeweza kuchapa nyingine.

Kwa hiyo kumiliki kiwanda hakuzuii pesa kuoza, na kutokuwa nacho hakuiozeshi. Umiliki unanunua nini, basi? Jibu langu ni kwamba unanunua funguo. Funguo za ghala la karatasi, za kabati la mabamba ya kuchapia, za daftari la namba za noti. Kilichowahi kuonyesha hilo waziwazi kuliko chochote ni kisa cha Mreno mmoja, Artur Alves Reis.

Noti za Ureno zilikuwa zinachapwa London na Waterlow & Sons, kampuni yenye heshima zake. Mwishoni mwa mwaka 1924 Alves Reis na wenzake walighushi mkataba na barua zilizoonekana zimetoka Benki ya Ureno, zikiwaomba Waterlow wachape kimyakimya noti za escudo 500 zenye picha ya Vasco da Gama. Walieleza kwamba noti ni za koloni la Angola, zitagongwa jina la Angola baadaye, na kwamba jambo lenyewe ni siri kubwa. Waterlow wakachapa. Mzigo wa kwanza ulikuwa noti 200,000, na baadaye wakaongeza. Zilitoka kwenye mabamba yaleyale, karatasi ileile, wino uleule. Ukiziita bandia unakosea, na ukiziita halali unakosea pia. Alves Reis akafungua benki yake, Banco Angola e Metrópole, akaanza kukopesha watu. Desemba 1925, mjini Porto, zilipatikana noti mbili zenye namba moja, na hapo ndipo mambo yalipofumuka. Kesi ya Benki ya Ureno dhidi ya Waterlow ilifika mpaka baraza la juu la Uingereza mwaka 1932, na mchapaji akashindwa.

Mlinzi wa kiwanda cha noti hajali sana mwizi wa usiku. Anayemwogopa ni mtu aliyevaa suti, aliyekuja mchana na barua yenye mhuri.

Sasa turudi Berlin. Baada ya vita vya pili kiwanda kilipewa jina la Bundesdruckerei mwaka 1951, kikachapa marki kwa kugawana kazi na Giesecke & Devrient, walioanza upya Munich baada ya kunyang'anywa kiwanda chao cha Leipzig upande wa mashariki. Miaka ya 1990 upepo wa ubinafsishaji ukavuma. Mwaka 1994 idara ikageuzwa kampuni, na mwaka 2000 kampuni ikauzwa kwa wawekezaji wa Apax Partners. Sehemu kubwa ya bei ililipwa kwa mkopo, na mkopo huo ukabebeshwa kampuni yenyewe iulipe kwa faida yake. Mtu ananunua daladala kwa mkopo, halafu anamwambia daladala: deni ni lako.

Hesabu hiyo ingewezekana kama kazi ingekuwa inamiminika. Kazi ya noti na pasipoti haimiminiki hivyo. Huja kwa mawimbi: noti mpya zinazinduliwa, mitambo inakesha, kisha benki kuu inajaza maghala na kukaa miaka. Mwaka 2002 kampuni ilikaribia kufilisika, ikapita mikononi mwa wamiliki wa muda kwa hiyo euro moja. Fikiria hali ilivyokuwa: mahali zinapokusanywa picha, majina na baadaye alama za vidole za watu wote wa nchi, pana mmiliki wa mpito na wenye madeni mlangoni. Mwaka 2005 pasipoti za chipu zilikuwa zimeshaanza. Kufikia 2009 serikali iliona afadhali iirudishe nyumbani.

Kwa nini mtambo hauvumilii kukaa bure? Chukua noti yoyote mpya, ipapase taratibu kwa kidole gumba. Penye maandishi makubwa utasikia mkwaruzo. Hiyo ni kazi ya bamba lililochimbwa mistari, wino ukajazwa ndani ya mistari, karatasi ikakandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka wino ukainuka juu yake. Kabla ya hapo karatasi imepita kwenye mashine nyingine ya kuweka rangi za chini pande zote mbili kwa mpigo. Baadaye inakuja ya namba, ya kukata na ya kuhesabu. Karatasi yenyewe ni ya pamba, ndiyo maana haimung'unyuki ukiisahau kwenye suruali iliyofuliwa. Alama ya maji, kama kile kichwa cha Mwalimu kwenye noti zetu, inatengenezwa karatasi ikiwa bado uji. Uzi wa usalama nao hutiwa hapohapo. Kila karatasi kubwa inayoingia inahesabiwa, na iliyoharibika inahesabiwa kwa uangalifu uleule kabla ya kuteketezwa.

Kuna jambo ambalo wapenda mitambo ya kitaifa hulisahau. Wanaotengeneza mitambo hii duniani wanahesabika kwa vidole; jina kubwa ni Koenig & Bauer, Wajerumani wenye ofisi ya noti Lausanne, Uswisi. Wino wa usalama, ule unaobadilika rangi ukiinamisha noti, sehemu kubwa unatoka kwa SICPA, nao ni wa hukohuko Lausanne. Zimbabwe ilikuwa na mchapaji wake, Fidelity Printers, mali ya benki kuu. Lakini karatasi ilitoka Munich, kwa Giesecke & Devrient. Julai 2008, baada ya shinikizo la serikali ya Ujerumani, karatasi ikakatwa. Harare hawakukata tamaa. Januari 2009 walitoa noti ya dola trilioni 100, tarakimu ileile ya Berlin ya enzi zile. Ila somo la karatasi lilikuwa limeingia.

Hapa kwetu hatukuwahi kuwa na kiwanda cha noti cha dola moja kwa moja. Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zilizosimamiwa kutoka London, zilichapwa na kampuni ya Kiingereza, Thomas De La Rue. Benki kuu zetu zilipofunguliwa mwaka 1966 zikaendelea kuagiza nje. Pamba tunalima, karatasi ya noti hatutengenezi. Kenya ndiyo iliyosogea karibu zaidi: De La Rue waliweka kiwanda Ruaraka, Nairobi, na mwaka 2019 serikali ya Kenya ikanunua asilimia 40 ya hisa za kampuni yao ya huko. Mwaka huohuo, Juni mosi, zikazinduliwa noti mpya zilizoondolewa picha za marais, kwa kuwa katiba ya 2010 hairuhusu picha ya sura ya mtu yeyote kwenye noti, na zile za zamani za shilingi 1,000 zikapewa mwisho wa Septemba. Mitambo ikafanya kazi kwelikweli.

Kisha ikanyamaza. Januari 2023 De La Rue ilitangaza kusimamisha uchapaji wa noti Nairobi, kwa kuwa haikutarajia oda ya Benki Kuu ya Kenya kwa muda wa mwaka au zaidi. Ajira karibu 300 zikaondoka. Serikali ilikuwa mmiliki wa asilimia 40 na pia ndiye mteja mkuu, na kama mteja hakuwa na cha kuagiza. Ukisoma habari za Berlin ya 2002 halafu za Ruaraka ya 2023, unaona ni wimbi lilelile, limepiga kwenye fukwe mbili.

Mwaka 2024 noti za Kenya zilipokaribia kupungua, benki kuu ilitoa kazi kwa utaratibu maalumu bila zabuni ya wazi. Ni noti bilioni 2.04 kwa miaka mitano, kwa takriban shilingi bilioni 14. Gawanya mwenyewe: kama shilingi 7 kwa kila noti, ukichanganya kubwa na ndogo. Aliyepewa kazi ni Giesecke+Devrient wa Munich. Wale wa simba na jike lake.

Watu walilalamika, na sehemu ya malalamiko ilikuwa na haki: kazi ya mabilioni ikipita mlango wa faragha, lazima mtu aulize. Lakini lalamiko la kwamba pesa imekabidhiwa wageni halina uzito huo. Noti milioni 400 kwa mwaka ni kazi ya kawaida kwa kiwanda kikubwa chenye wateja wengi. Kwa kiwanda kinachomtegemea mteja mmoja, anayeagiza mwaka huu na kunyamaza miwili, ni njaa. Hata karatasi za kura Kenya imeziagiza nje, Dubai kwa Al Ghurair mwaka 2017 na Ugiriki kwa Inform Lykos mwaka 2022, na hapo ugomvi ulikuwa juu ya nani anahesabu masanduku uwanja wa ndege. Yaani funguo tena.

Uganda wameingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2018 serikali iliungana na kampuni ya Kijerumani ya Veridos kuanzisha Uganda Security Printing Company, kiwanda kikiwa Entebbe, na Desemba mwaka huo pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ikaanza kutolewa. Veridos yenyewe ilianzishwa na wazazi wawili: Giesecke & Devrient kwa asilimia 60, na Bundesdruckerei kwa asilimia 40. Kwa maneno mengine, ilipoanza, sehemu ya ubia wa Entebbe ilikuwa inaishia kwenye hazina ya serikali ya Ujerumani. Wabunge wa Kampala walibishana kuhusu hisa na bei za hati. Mimi ningeanzia kwenye chipu.

Ndani ya chipu ya pasipoti kuna picha yako na taarifa zako, na zimetiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa nchi. Afisa wa uwanja wa ndege Doha au Amsterdam akiweka pasipoti yako kwenye kisomeo, mashine inakagua saini hiyo. Aliye na ufunguo anaweza kutoa pasipoti ambayo dunia nzima itaiamini, kama Waterlow walivyotoa noti ambazo Ureno nzima iliziamini. Mabamba ya chuma yanahitaji lori na walinzi. Ufunguo huu ni mfululizo wa tarakimu, unakaa ndani ya kisanduku unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, na katika mkataba wa kurasa mia mbili unaweza kutajwa kwenye kifungu kimoja tu.

Kampuni ya euro moja imelifahamu hilo mapema. Siku hizi ina kampuni tanzu, D-Trust, ambayo biashara yake yote ni vyeti na saini za kidijitali, bila karatasi wala wino. Noti bado wanachapa. Ukipata ya euro ya toleo la pili, geuza utazame namba yake: herufi ya kwanza ikiwa R, imetoka Berlin, kwenye kiwanda kilichowahi kuchapa neno PESA.